Yasini Uani kwa Fundi Idarusi

"Bi Tabia, mwenzangu, hebu niambie, nani anakata roho humo ndani mwako?"

Aliyeuliza ni Mwamvua, jirani wa ukuta mmoja, asubuhi moja kule Usagara, Tanga, mkononi kashika kikombe alichokuja kuombea chumvi. Wala hakuwa anatania. Kwa siku nyingi alikuwa akisikia, kupitia ukuta wa ua, sauti ya Bi Tabia ikisoma Yasini, na kila mtu wa pwani anajua kuwa Yasini husomwa sana penye mgonjwa aliyezidiwa, ili roho ipate njia nyepesi. Lililomtisha zaidi ni kwamba mara nyingine sauti ile ilikatika kabla ya mwisho. Kimya. Kisha wanaume wakazungumza chini chini, halafu mkokoteni ukasikika unatoka mlango wa nyuma. Kwa hesabu ya Mwamvua nyumba ile ilikuwa imeshatoa maiti watatu, na yeye hajaona jeneza hata moja.

Bi Tabia alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Akamwambia hakuna mgonjwa, zinazosomewa ni mashine. Mumewe akizipima, yeye huzisomea ili wasafiri wake wafike salama. Mwamvua akasema mashine ya kusomewa Yasini hajapata kuisikia, ila siku ikifa asisahauliwe, ataleta ubani. Wakacheka wote wawili. Lakini jirani alipokwenda na chumvi yake, kicheko cha Bi Tabia hakikukaa. Jibu alilotoa lilikuwa nusu ya kweli, na nusu ya pili alikuwa ameapa kutoitoa kwa yeyote.

Mumewe, Fundi Idarusi, alikuwa mtu wa Mwera, upande wa Pangani, mtoto wa mkata mkonge. Utoto wake ulipita karibu na mitambo ya shamba. Wenzake walipokwenda kuoga mtoni, yeye alikaa nje ya banda la mashine ya kusindika mkonge, akaisikiliza, mpaka akaweza kumwambia msimamizi kwamba leo inakohoa upande wa kushoto. Wakamchukua awe anapaka grisi. Alipokuwa kijana akaja Tanga mjini, akafanya kazi kwenye gereji ya mabasi, akamwoa Tabia, wakajaliwa mtoto mmoja tu aliyeishi, Samiha. Mabasi yalipoanza kulala kwa kukosa matairi, naye akaachishwa. Akafungua kazi yake mwenyewe uani.

Ilikuwa miaka ya dhiki. Sabuni ilipangiwa foleni, unga uliopatikana ni ule wa njano walioubatiza yanga, na mwanamke aliyekuwa na kanga mpya aliulizwa ameipata wapi. Spea za mashine ndizo hazikuwepo kabisa. Idarusi hakukaa kulia. Alivunja betri kuukuu za tochi, akatoa vile vijiti vyeusi vya ndani, akavisugua kwenye sakafu ya saruji mpaka vikawa vipande vya kuingia ndani ya alternata mahali pa makaa ya kupitisha umeme yaliyokwisha. Watu walimletea mashine ndogo ndogo kutoka kila upande: za boti, za kusaga nafaka, za kuvutia maji ya miche ya michungwa kule Muheza. Kazi aliyosifika nayo ilikuwa kupima alternata, kile chombo kinachozungushwa na mkanda wa mashine kikatoa umeme wa kujazia betri. Alternata ikilegea, mashine yenyewe haisemi kitu. Itanguruma vile vile, na huku betri inakufa polepole kama mtu anayevuja damu ndani kwa ndani. Ndiyo maana watu wengi, hasa wa baharini, hawakuridhika mpaka wasikie neno moja: "Idarusi kapima." Likishasemwa hilo, hakuna aliyeuliza tena.

Zamani alipima kwa mita ya mshale. Ilipokufa, hakukuwa na nyingine wala ya kuazima. Akachukua globu ya taa kubwa ya lori, akaipigilia kwenye ubao, akawa anaiunganisha na alternata yenyewe, betri ikiwa imetolewa pembeni isije ikamsaidia mgonjwa kudanganya. Kuna mafundi waliopimia globu ndogo ya taa ya nyuma. Idarusi aliwacheka. Globu ndogo haina njaa, alisema, hata alternata iliyochoka itaiwasha. Mgeni mlaji ndiye anayejua akiba ya nyumba. Basi globu kubwa ikiwaka nyeupe, nyeupe ya tui la kwanza, alternata ni nzima. Ikiwaka njano kama samli, bado. Tena haitoshi kuwaka mara moja ukashangilia. Waya wa ndani ukipata moto ndipo ugonjwa hutokea, kwa hiyo taa lazima ikae nyeupe kwa muda, mashine ikiwa kwenye mwendo wake wa safari, pasipo kuongezewa mafuta. Saa hakuwa nayo. Muda alioupenda ulikuwa ule wa mkewe kusoma Yasini moja bila haraka, kwa kuwa Bi Tabia alikuwa akiisoma kila asubuhi kwa moyo, na mwendo wake haukubadilika.

Ndivyo Yasini ilivyoingia uani. Mwanzoni ilikuwa saa tu, na dua.

Kisha macho ya fundi yakaanza kuingia ukungu. Bi Tabia alikuwa wa kwanza kugundua. Alimwona mumewe akiitafuta bisibisi iliyokuwa mbele yake, akipapasa kama anayetafuta kitu chini ya maji. Alimwona akimkanyaga kifaranga na kuuliza ni nini hicho. Siku moja mzee alimtolea shikamoo kijana wa kiume aliyefika na mkokoteni, kwa kumdhania baba yake, na yule kijana akabaki ameduwaa. Bi Tabia alipochungulia mboni za mumewe juani, aliona weupe ndani yake, kama tone la maziwa. Mtoto wa jicho, na macho yote mawili.

Alimwomba waende hospitali. Idarusi akasema huko hospitali kwenyewe watu wanakwenda na nyembe zao na pamba zao, yeye jicho lake hatampa mtu mwenye kisu na asiye na dawa. Bi Tabia akangoja, akarudia, akakataliwa. Mwisho mzee akasema lililokuwa moyoni. Siku watu wa boti watakapojua kuwa haoni, hakuna atakayemletea hata tochi. Wala si riziki tu. Neno lake lote, tangu alipokuwa mpaka grisi, litageuka kuwa uongo hata pale lilipokuwa kweli. Akamshika mkewe bega, akamwapisha.

Yeye ndiye aliyebuni njia. Bi Tabia atakaa kibarazani na ungo mapajani, kama mwanamke anayechambua mchele, macho yake kwenye globu. Atasoma Yasini kwa sauti. Taa ikiwa nyeupe, asome. Ikigeuka njano, anyamaze. Basi. Fundi atainamia mashine kama anayeiangalia, na wenye mashine watadhani ni bi mkubwa mcha Mungu anayewaombea safari, na kweli alikuwa akiwaombea.

Njia ile ilifanya kazi kuliko walivyotarajia. Mashine ya Manase, Mbondei wa Muheza mwenye kitalu cha michungwa, ilisomewa mpaka karibu na mwisho, sauti ikanyamaza, na Idarusi akazima na kumwambia airudishe ndani ikafunguliwe. Manase alibisha, akisema yeye kaiona taa inawaka vizuri tu. Walipoifungua wakakuta waya umeungua nusu. Tangu hapo Manase alieneza habari kuwa Idarusi haangalii hata taa, anainamisha kichwa tu na anajua. Sifa ile ilimchoma Bi Tabia. Mficha maradhi, wahenga walisema, kilio humfichua, na yeye alikuwa akiyaficha ya mtu mwingine. Mchele nao ulimsaliti kidogo. Samiha, aliyekuwa amekuja kujifungulia kwa mama yake kama ilivyo desturi ya uzazi wa kwanza, alilalamika kutoka chumbani kwamba wali wa nyumbani siku hizi una mawe.

Samiha alikuwa ameolewa Pemba, Wete, na mkulima wa karafuu aitwaye Massoud. Alijifungua salama mtoto wa kike, wakamwita Tuhfa. Arobaini nzima alikaa ndani, mlango umefungwa na pazia, kama inavyotakiwa, kwa hiyo mambo ya uani aliyasikia tu. Alijua macho ya baba yake yamepungua, kama ya wazee wote. Hakujua kuwa hayapo.

Kufikia wakati ule, mwaka wa themanini na saba, mambo yalikuwa yameanza kulegezwa. Biashara ilifunguliwa, bidhaa zikamiminika kutoka Dubai na Mombasa, na maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa vitu vinavyong'aa. Spea nazo zikaja, ndani ya maboksi yenye picha. Idarusi alizipapasa na hakuzipenda. Alisema zina uzito wa kopo. Zilizotengenezwa kwa dhiki angalau alijua ndani yake kuna nini.

Aliyemletea mashine yenye alternata ya boksi alikuwa Ahmada, Mpemba mwenye boti ya abiria na mizigo kati ya Tanga na Pemba. Mtu mkarimu, mwenye maneno matamu, hana baya. Mashine yenyewe ilikuwa ndogo, ya silinda moja, ikaletwa kwa mkokoteni na Kombo, kijana wake wa kuendesha mashine. Ahmada alijawa na furaha ya vitu vipya. Alimweleza fundi kuwa sasa ameweka pampu ya umeme ya kutoa maji ndani ya boti, inayojiwasha yenyewe maji yakipanda. Wale wafua maji wake, waliokuwa wakikaa na ndoo chini safari nzima, amewaachisha, na nafasi yao amepakia saruji na mabati.

Idarusi aliinua kichwa. Akauliza kama boti inavuja.

"Chombo gani cha mbao kisichovuja, fundi?" Ahmada alisema. "Ndiyo nikanunua pampu."

"Na ndoo ziko wapi?"

"Ndoo za nini tena? Chini kote kumejaa saruji, hata mkono haupiti."

Bi Tabia, kibarazani, aliacha kuchambua mchele. Hakuhitaji kuelezwa. Maji yakiingia, pampu itayatoa. Pampu inakula betri. Betri inalishwa na alternata. Alternata ikilegea katikati ya mkondo wa Pemba, mashine itaendelea kunguruma, watu wataendelea kuzungumza, na chini ya saruji maji yatapanda pasipo mtu kuyaona wala kuyafikia. Na boti ile ndiyo aliyokatiwa nafasi Samiha na kichanga chake.

Kombo akapiga hendeli, mashine ikashika. Idarusi akaiweka kwenye mwendo wa safari kwa kusikiliza, akaunganisha globu. Ikawaka nyeupe. Bi Tabia akaanza Yasini, na kwa hofu aliyokuwa nayo alisoma vizuri kuliko siku zote, herufi moja moja. Ahmada alivua kofia akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kombo alisimama karibu na waya wa mafuta, ule wa kuongezea mwendo. Samiha alisogeza pazia la dirisha kidogo, mtoto begani.

Bi Tabia alikuwa amefika pale panapotajwa chombo kilichosheheni watu. Katikati ya aya, taa ikaanguka. Haikuzimika, iliingia tu kwenye manjano, manjano mazito ya samli, jinsi uso wa mtu unavyobadilika anapopewa habari mbaya.

Sasa Bi Tabia alikuwa amesoma chuoni kwa mwalimu Bi Nasima, mwanamke mkali mwenye fimbo ya mkwaju, na jambo moja alilopandikiziwa tangu ana miaka saba ni kwamba aya haikatwi katikati kama uzi. Umeianza, ifikishe kituoni. Siku zote taa ilipogeuka njano, alimaliza aya aliyo nayo ndipo akanyamaza, na kwa kuwa taa mgonjwa haiponi yenyewe, haikuleta madhara. Na siku ile pia ulimi wake uliendelea kuelekea kituoni. Lakini Kombo naye aliiona taa. Bila kusema, kama mtu anavyomwongeza mgonjwa uji, akavuta waya wa mafuta kidogo. Mashine ikapandisha sauti, na taa ikarudi nyeupe. Bi Tabia alipofika mwisho wa aya, mbele yake palikuwa na mwanga mweupe, safi, haupepesi.

Hawakuwa wameweka alama ya taa iliyoanguka ikainuka. Nyeupe, soma. Njano, nyamaza. Na sasa ilikuwa nyeupe. Akavuta pumzi, akasoma aya iliyofuata, na iliyofuata, mpaka mwisho.

Idarusi akazima mashine. Alikaa kidogo, ameinamisha sikio kama aliyesahau kitu. Kisha akafuta mikono, akasema, "Nzima. Peleka."

Ahmada aliinua mikono ikasomwa fatiha. Chai ikaletwa. Samiha akapiga kigelegele kidogo nyuma ya pazia, kile cha kuzuiwa na mkono. Bi Tabia alitaka kuzungumza mara tatu, na kila mara palikuwa na mtu mbele yake. Kusema mbele ya Ahmada kwamba yeye ndiye aliyeiona taa kulikuwa kumvua mumewe nguo sokoni. Akajiambia atasema wakibaki wawili. Walipobaki wawili, Idarusi alikuwa ana furaha ambayo hajaiona kwake tangu macho yaanze kufifia. Alisema namna Mungu alivyo mwema, kazi yake ya uzeeni imekuwa ya kumvusha mjukuu wake mwenyewe. Bi Tabia akaanza kukusanya vikombe vya chai. Akajiambia pengine macho yake yalimdanganya. Pengine ni wingu lilipita.

Kesho yake, siku ya safari, Samiha alitangulia gatini mapema na mizigo yake ili apate pahala pa kivuli kwa ajili ya mtoto. Boti ingeondoka baada ya sala ya adhuhuri. Bi Tabia alibaki kufunga vitumbua vya njiani, avipeleke mwenyewe kwenye kuaga. Ndipo Mwamvua alipochungulia juu ya ukuta, uso umekunjuka.

"Yasini ya jana nimeisikia mpaka mwisho," alisema. "Alhamdulillahi, huyo kapona."

Bi Tabia aliweka chini kile kitumbua. Alivaa buibui, akatoka bila kumwambia mumewe anakwenda wapi.

Gatini boti ilikuwa imekaa chini majini kuliko alivyopenda. Saruji ilipangwa mpaka karibu na sitaha, mabati juu yake, na juu ya mabati wanawake wametandika mikeka na kuanza kumenya machungwa. Kutoka ubavuni bomba dogo lilikuwa likitema maji, likipumzika, likitema tena. Bado wako kwenye gati, kwenye maji matulivu, na pampu tayari ilikuwa kazini. Bi Tabia aliitazama kwa muda, kisha akamtafuta Kombo.

Hakumlaumu. Alimwuliza tu, kwa upole, kama jana wakati wa kupima alishika waya wa mafuta.

"Niliona inasinzia, bi mkubwa, nikaiamsha," Kombo alisema, ametabasamu kama aliyefanya jambo jema. "Na baharini nitakuwa naiamsha hivyo hivyo."

Akamwendea Ahmada. Ahmada alimwamkia shikamoo, akamtafutia kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. Bi Tabia alimwambia kuwa alternata ile imelegea wakati wa kupimwa, kwamba yeye ameiona kwa macho yake, kwamba wafua maji warudishwe au boti ingoje. Ahmada hakukasirika hata kidogo, na afadhali angekasirika. Alimwonea huruma, kama anavyoonewa mama anayeogopa kuagana na bintiye. Kila mama humwona mwanawe kazama kabla hajapanda chombo, alisema, hata mama yake yeye.

"Idarusi kapima, bi mkubwa. Wewe unachambua mchele, yeye anapima mashine. Unataka nimvunjie neno lake mzee yule kwa ajili ya hofu?"

Watu waliokuwa karibu wakakubali kwa vichwa. Mzee mmoja wa Pangani alisema yeye asingepanda boti hii kama si kusikia jina la Idarusi. Bi Tabia alifungua mdomo, na kiapo kikaufunga. Akapita juu ya ubao hadi aliko Samiha. Akamwambia ashuke, angoje boti nyingine. Samiha alikuwa ananyonyesha. Alimtazama mama yake kwa mshangao, akasema Massoud ameshatumiwa habari, atakuwa anangoja Wete. Mizigo iko chini ya mabati ya watu. Halafu akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba anamtetea mtu ambaye hayupo, kwamba mtoto wa Idarusi akishuka kwenye chombo alichokipima babake, kesho watu watasema nini juu ya baba?

Tuhfa aliachia titi, akapiga mwayo. Bomba la ubavuni likatema.

Bi Tabia alirudi Usagara kwa miguu iliyokuwa inamtangulia. Idarusi alikuwa uani, anapapasa waya na kuukunja kiganjani, na kwa hatua za mkewe tu alijua. Akamwambia akae. Bi Tabia hakukaa. Alimweleza yote akiwa amesimama: taa ilivyoanguka, aya ilivyomvuta mpaka kituoni, Kombo alivyoiamsha, mwanga ulivyorudi, na yeye alivyoendelea kusoma. Alimweleza maji yanayotoka ubavuni, saruji, neno la Ahmada, neno la Samiha. Hakujitetea.

"Nilisikia," Idarusi alisema. "Mashine ilipandisha sauti. Sikio langu liliniambia kuna mtu kagusa mafuta. Nikalikataa sikio langu, kwa kuwa wewe hukunyamaza."

Bi Tabia alianza kulia. Akamwambia kwamba bado kuna muda kabla ya sala, yeye mwenyewe arudi gatini akamtoe Samiha kwa nguvu, amchukue mtoto mikononi kama kuna haja, mama yake atafuata tu.

Idarusi alifikiri juu ya hilo, naye hakuficha kwamba analifikiri. Mikono yake iliendelea kuukunja ule waya, mpaka ukaisha. "Wetu tunaweza kumshusha," alisema. "Na hao waliopanda kwa jina langu?"

Bi Tabia alisema ameshawaambia, hawasikii. Ahmada hasikii neno lolote isipokuwa la fundi mwenyewe. Na fundi mwenyewe akienda akasema alternata ni mbovu, watamuuliza jana aliona nini, na atajibu nini? Watasema mkewe kamlilia, mzee kalegea. Boti imeshapakiwa, saruji ya watu iko ndani, hakuna atakayeshusha mfuko mmoja kwa sababu ya mzee aliyegeuza neno bila sababu.

Ilikuwapo sababu moja tu ambayo Ahmada asingeweza kuicheka, na wote wawili waliijua. Ilikuwa imekaa kati yao uani muda wote huo, na hakuna aliyeigusa. Msikiti wa karibu ulianza kuadhini adhuhuri. Idarusi alisikiliza adhana mpaka mwisho, akiitikia kwa midomo. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekaa karibu na maiti yake mwenyewe. Kisha alisimama, akavuta kanzu yake msumarini, akaivaa juu ya nguo za grisi bila kunawa, akanyoosha mkono mbele yake, hewani, upande ambao hakuwa na hakika kama mkewe yupo.

"Tabia," alisema, "nishike mkono unipeleke gatini, nikawaambie mwenyewe kwamba sioni."